Kumimina Risasi Uani Ghubra

Kabla ya kutafuta chungu, kabla ya kutafuta kalibu ya kumiminia, tafuteni viatu. Naanza na viatu kwa sababu nyinyi vijana mnaokuja kuniuliza habari za kazi hii mnakuja na ndara, na swali lenu la kwanza siku zote ni moto wa kiasi gani. Moto tutaufikia. Viatu viwe vya ngozi, vizima, vifunike vidole na kifundo, na suruali ianguke juu ya kiatu, isichomekwe ndani. Tone la risasi iliyoyeyuka likishaingia ndani ya kiatu, hakuna mtu aliyewahi kukivua kwa haraka ya kutosha. Shati liwe la pamba, la mikono mirefu. Nailoni inayeyuka na kuganda pamoja na ngozi yako, na hapo daktari atakuwa na kazi mbili.

Mimi nimestaafu. Miaka yangu mingi ilikwenda kwenye gereji ya matairi hapa Ghubra, Maskati, na jioni na siku za mapumziko nilikuwa uani kwangu namimina chubwi za wavuvi. Chubwi, kwa wale msiojua, ni ule uzito unaofungwa kwenye mshipi au kwenye pindo la wavu ili vizame. Wavuvi wa Seeb mpaka Barka walizijua za kwangu kwa umbo lake, nyembamba juu na nene chini, hazinasi kwenye mawe. Sikutajirika. Nilipata kitu cha kufanyia mikono, na nilipata mkasa mmoja wa nyumbani ambao nusura umkoseshe binti yangu Salma mume aliyemtaka. Huo nitauleza, lakini mkitaka kuujua itabidi mnisikilize kwanza habari za chungu.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Gari likiwekwa tairi mpya, vile vipande vya risasi vilivyobanwa kwenye rimu kuliweka gurudumu sawa hubanduliwa na kutupwa. Gereji yetu ilikuwa na ndoo nzima ya vipande hivyo nyuma ya kompresa. Siku moja jirani yangu Ami Khalfan alikuja kuziba pancha, akaiona. Si ami yangu wa damu, lakini alikuwa mtu mzima kwangu, na Unguja aliwahi kuwa mhunzi, kwa hiyo sote mtaani tulimwita hivyo.

"Hivi mnavipeleka wapi?" akaniuliza.

"Jalalani, Ami."

Akatia mkono ndooni. "Wewe Nassor, nnakuona kila Ijumaa unanunua chubwi dukani kwenda kuvua, na hapa unatupa ndoo. Nani kakuroga?"

Akawa mwalimu wangu tokea siku hiyo, na alikuwa mwalimu mgumu. Kwa muda mrefu hakuniruhusu kuwasha moto. Kazi yangu ilikuwa kuchambua vipande, kuvifuta mafuta ya gereji na kuvianika juu ya bati. Nikidhani vimekauka, anavigeuza, anavirudisha juani. Nilikuwa na hasira, nikijiona fundi mzima ninayeanikwa juani kama papa. Lakini jambo alilokuwa ananifundisha ndilo kubwa kuliko yote: maji na risasi ya moto havikai pamoja. Tone moja la maji likizama ndani ya chungu, hugeuka mvuke kwa ghafla, na mvuke hauombi njia. Unakirusha kilichomo chunguni juu, kwenye uso wako.

Sasa mtaniambia Maskati hakuna mvua, maji yatatoka wapi. Na mimi nilisema hivyo hivyo. Ilikuwa Agosti, mnaijua Agosti ya Ghubra, ukitoka nje miwani inaingia ukungu. Vipande vyangu vilikuwa vimelala uani, na unyevu wa bahari ulikuwa umevipaka jasho lisiloonekana kwa macho. Risasi ilikuwa imeshayeyuka chunguni, nikachukua kiganja cha vipande nikatia. Kililia pah, na risasi ikatapakaa ukutani kuanzia kwenye bomba mpaka chini ya dirisha la jikoni. Mimi nilikuwa na miwani na mikono mirefu, nikapata alama moja shingoni. Ami Khalfan alikuwa amekaa mbali kidogo. Alivua kofia yake, akaitazama, akatia kidole kwenye tundu jipya.

"Kofia hii kaishona mwanangu Ramadhani nzima," akasema. "Kesho nakuja, na wewe utakuwa na vipande vikavu. Kofia sikudai, maana huwezi kushona."

Kwa hiyo sheria ni hii. Vipande vyote viingie chunguni chungu kikiwa baridi, vipate moto pamoja. Ukitaka kuongeza baadaye, viweke kwanza ukingoni mwa jiko vipate joto mpaka huwezi kuvishika, ndipo uvitie kimoja kimoja kwa koleo. Upawa wako nao uupashe. Na usimimine karibu na bomba, wala karibu na mtu anayekunywa maji, wala siku ambayo wingu limetanda, hata kama wewe unaamini halitanyesha.

Chungu kiwe cha chuma, kizito, kipana chini. Nimesema cha chuma. Mimi nilichukua sufuria la aluminiamu la mke wangu, na Ami Khalfan alilinyang'anya kabla sijawasha kiberiti, kwa sababu aluminiamu ikipata moto mkali huku imebeba uzito ule inalegea kitako bila kukuaga. Alininusuru na moto. Hakuninusuru na Zuwena, aliyekuja kulikuta sufuria lake la pilau lina vumbi la gereji.

"Baba Salma," akasema, "sufuria hili halirudi jikoni kwangu. Na wewe, ukitoka kwenye vitu vyako hivyo, hurudi ndani hivi hivi."

Zuwena hakusoma madini, lakini ana tabia ya kuuliza. Alikwenda kumuuliza nesi wa zahanati, akarudi na sheria zake, na mpaka leo sijaona nzuri kuzishinda. Vumbi la risasi na moshi wake ni sumu, inaingia kwa mdomo na kwa pumzi, na watoto wadogo ndio inaowala zaidi, tena kimyakimya, kwenye akili. Kwa hiyo uani hapaliwi, hapanywewi kitu, hapavutwi sigara. Viatu vya kazi vinabaki kwenye sanduku la nje. Nguo za kazi zinafuliwa peke yake. Mtu hanyanyui mtoto mpaka aoge. Takataka zinazoenguliwa juu ya chungu zinawekwa kwenye kopo lenye kifuniko na kupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma, hazimwagwi chini ya mti wala jalalani. Na kila mwaka nilikwenda kutolewa damu ipimwe risasi, nikanung'unika, na nikenda. Ukiwa na mke mjamzito nyumbani au mtoto anayetambaa, basi tafuta mahali pengine pa kazi hii, au isubiri. Hilo nalisema kama mzee wenu na sitaki tubishane.

Moto sasa. Jiko la gesi la miguu mitatu, lile linalopikiwa pilau za harusi, linatosha na kubaki. Jikoni ndani usithubutu. Hapa Ghubra upepo wa bahari unaingia baada ya alasiri, basi simama upepo ukupige mgongoni, moshi uende ukutani. Kuujua moto, Ami Khalfan alikuwa anachukua kijiti cha kiberiti, anakikata kichwa, anakichovya. Kikigeuka kahawia taratibu, endelea. Kikiwaka, umezidisha, na risasi iliyozidi moto ndiyo inayotoa moshi mbaya. Ikishayeyuka, tia kidonge kidogo cha nta ya mshumaa, ujitenge, maana kitashika moto kidogo, kisha koroga kwa upawa mkavu. Utaona uchafu unapanda juu na vibanio vya chuma vinaelea. Engua. Chini yake utakuta uso unaong'ara ambamo unaziona kabisa ndevu zako. Mimi mpaka leo nikiuona uso ule moyo wangu unatulia.

Gereji tulipata fundi mpya kutoka Kenya, Wafula. Mtu wa Bungoma, mcheshi, mfanyakazi. Siku yake ya kwanza nilimkuta anafagia, nikamwambia, "Risasi usizitupe. Zikusanye, jioni nnazichukua nyumbani."

Akaacha ufagio. "Risasi gani, mzee?"

"Zote. Hata zilizokwisha tumika."

Wafula akarudi nyuma hatua, akashika kiti. "Mzee, mimi nilikuja huku na viza ya makanika. Hiyo maneno ingine sitaki kujua."

Ilibidi nimshike mkono mpaka kwenye ndoo nimwoneshe. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kwao vitu vile waliviita weiti, na risasi kwake ilikuwa ile ya bunduki tu, basi. Sisi wa Unguja neno tunalo moja kwa vyote viwili, chuma chenyewe na hicho cha bunduki, na Waarabu vile vile, rasas ni rasas. Hatukuwahi kuona tatizo, maana aliyekuzunguka anajua unasema ipi.

Wafula ndiye aliyenionesha kitu ambacho Ami Khalfan hakukijua, kwa kuwa katika zama zake hakikuwapo. Miaka ya elfu mbili ilipoingia, vile vipande vya magurudumu vilianza kuja vya zinki, vimepakwa rangi ile ile, umbo lile lile. Nilivitia, na chungu changu kizima kikawa kama uji uliolala, hakimiminiki, kinakatika vipande kwenye kalibu. Nikalaumu gesi, nikalaumu nta. Wafula alikuja Ijumaa moja baada ya ibada. Huku siku ya mapumziko ni Ijumaa, basi sote tulikuwa tunakwenda kuswali, mimi msikitini na yeye kanisani Ruwi, kisha anapita kwangu na ndoo ya wiki. Akachukua kipande akakiangusha sakafuni, akachukua kingine akakiangusha.

"Sikiza, mzee. Hii inalia. Hii hailii."

Basi. Zinki ikianguka kwenye saruji inalia kama kijiko. Risasi inafanya tup na kunyamaza. Vichambueni kwa masikio, na moto wenu usiwe mkali, ili zinki iliyokupita ielee bila kuyeyuka, uiengue. Na betri za magari msizifungue kabisa kutafuta risasi. Mle mna tindikali na mna sumu nyingine mbaya zaidi, iacheni kwa wenye viwanda vyao.

Kalibu nilianza na za mchanga kwenye kisanduku, baadaye nikakerezewa ya chuma, vipande viwili vyenye mikono ya mbao. Ya chuma ndiyo bora. Ipake masizi ya mshumaa kwa ndani ili chubwi isigande nayo, ipashe moto juu ya jiko, kisha mimina bila kusita, mkondo mmoja. Chubwi za mwanzo zitatoka na makunyanzi, maana kalibu bado baridi, zirudishe chunguni. Zikitoka na ukungu mweupe, kalibu imepata moto kupita kiasi, pumzika, ongea na mtu. Usiifungue kwa pupa. Subiri risasi iliyo kwenye mdomo wa kalibu igeuke rangi kutoka kung'ara kuwa kijivu, ndipo ufungue uziangushe kwenye bati.

Sasa mkasa.

Salma wetu alikuwa ameshamaliza kusoma na kuajiriwa, na kijana mmoja wa Bawshar, Talal, alimtaka. Salma naye alimtaka, mama yake alishanidokeza, nami nilijifanya sijui kama wanavyofanya baba wote. Familia ya Talal ni Waomani kama sisi, ila wao walirejea kutoka Bujumbura. Kiswahili kwao ni cha bara, kwetu cha Unguja, tunaelewana na kuchekana. Ikapangwa wanawake wa kwao waje kwanza kwetu Ijumaa, wamwone binti, wanywe kahawa, wasikie nyumba ina harufu gani.

Mimi nikaambiwa nisionekane. Nikaona basi, uani kuna kazi, nikawasha chungu. Niliyosikia baadaye ni kwa mdomo wa Zuwena mwenyewe, jioni, akiwa amekaa na sahani za halua zisizoguswa.

"Walikuwa wazuri tu," akasema. "Wakamwona Salma, wakampenda. Kisha yule shangazi mtu, Bi Raya, akauliza, baba yake yuko wapi? Nikamwambia yupo uani, anamimina risasi."

"Ehe."

"Akasema, leo Ijumaa? Nikamwambia kila Ijumaa, akishaswali. Akauliza za nini. Nikamwambia za wavuvi, wanakuja mpaka kutoka Barka, wanazichukua kwa ndoo. Akaniuliza serikali inajua? Nikamwambia serikali inahusu nini, jirani zetu wote wanajua."

"Kisha?"

"Kisha wewe huko ukaanza kumwaga vitu vyako kwenye debe. Ta-ta-ta-ta. Bi Raya akatikisa kikombe kuonesha basi, hataki tena, na hakuwa amemaliza hata kahawa ya kwanza. Wakaondoka."

Hatukuelewa. Wallahi hatukuelewa, sote wawili. Zikapita siku, Bawshar kimya. Talal akimpigia Salma anasema wazee bado wanazungumza. Salma akawa anakula kidogo na kunijibu kwa adabu ya kupita kiasi, na mwenye binti anajua adabu ile maana yake nini.

Ijumaa iliyofuata nikamhadithia Wafula. Alikuwa ananisaidia kuchambua. Nilipofika kwenye maneno ya Zuwena, akaweka kipande chini.

"Mama alisema unamimina risasi? Hivyo hivyo?"

"Nnamimina. Angesema nini?"

"Mzee, huko kwetu mtu akimimina risasi, watu wote wanalala chini." Akacheka, kisha akaniona uso, akaacha. "Pole. Lakini na Bujumbura najua ni vile vile. Hao watu wamefikiri wewe unapiga bunduki uani kila Ijumaa na kuwauzia wavuvi."

Nilikasirika. Si kwa Wafula. Nilikasirika kwamba watu wamekaa kwenye sebule yangu, wamemla mwanangu kwa macho, wakaniona jambazi na wasiulize mara ya pili. Salma alinifuata uani, akasimama mbali na jiko kama alivyofundishwa.

"Baba, waeleze."

"Nimefanya kosa gani hata nijieleze?"

"Hujafanya kosa. Sitaki uache kazi yako. Nataka waijue tu."

"Nitawaeleza kwa lugha gani? Nikisema kwa Kiarabu ni rasas, neno lile lile. Nikisema chubwi hawalijui. Waje waone kwa macho yao."

"Na wasipokuja?" akasema.

Nikajifanya naangalia moto. Zuwena hakungoja hekima zangu, alipiga simu Bawshar, akaeleza mshipi, wavu, samaki, kila kitu. Bi Raya akasema wameelewa, akaomba radhi, akacheka hata. Lakini akasema mambo yamebaki kwa kaka yake, Mzee Hamoud, baba yake Talal. Yeye ameelezwa na bado hajasema ndiyo. Kwa nini, hasemi. Hapo nyumba yangu ikawa nzito kuliko chubwi zote. Kutoeleweka kuna dawa, unaeleza. Mtu aliyeelewa na bado anasita, utamweleza nini tena?

Alikuja mwenyewe. Hakupiga simu, hakuja na mtu. Ilikuwa baada ya alasiri, geti nimeliacha wazi upepo upite, nina aproni ya ngozi na glavu, chungu kiko tayari. Nikamwona mzee mwenye kanzu nyeupe na bakora amesimama getini, na sura ni ya Talal. Akatoa salamu. Nikamjibu, nikamwambia karibu, na papo hapo nikamwambia usikaribie, kwa ajili ya moto. Hivyo ndivyo nilivyompokea mkwe.

"Endelea na kazi," akasema. "Nataka kuona."

Nikamimina. Alisimama pale pale getini, mikono yote miwili juu ya bakora. Nilipofungua kalibu na chubwi zikaanguka kwenye bati, ta-ta-ta-ta, nikamwona amefumba macho. Zilizofuata nilizitoa kwa koleo, nikaziweka moja moja, taratibu, bila sauti.

"Dada yangu alikuja kuniambia unamimina risasi," akasema.

"Ndivyo tunavyosema sisi, shekhe. Chuma chenyewe ndiyo risasi. Hivi ni chubwi."

"Najua. Mkeo ameeleza, kijana wangu ameeleza. Mimi si mjinga, Bwana Nassor. Lakini mimi nimewahi kumiminiwa. Kule. Tulikuwa tunafunga duka, mimi na kaka yangu. Yeye ndiye aliyeinama kwenye kufuli, na hakuinuka tena."

Nikazima gesi.

"Kwa hiyo sikuja kuuliza kama wewe ni mtu mwema," akaendelea. "Watu wa Ghubra wote wameniambia wewe ni mtu mwema. Nimekuja kujiangalia mimi. Mtoto wako akiolewa na wangu, nitakuja hapa Idi. Nitakuja akijifungua. Nitakuja kwenye msiba. Siwezi kumposea kijana wangu kwenye nyumba ambayo mimi nitaishia getini."

Nilichosema kilitoka chenyewe, na kabla ya siku hiyo watoto wangu hawakuwahi kukisikia. Nilimwambia kwetu Unguja nako kulimiminwa. Nilikuwa mdogo, nilikuwa chini ya kitanda na mama yangu kanilalia juu, na mpaka leo najua uzito wake.

Akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. "Na ukaweza kushika kazi hii?"

"Sikuwahi kuyaweka pamoja, shekhe. Mimi nilikuwa naona samaki tu."

Akaingia. Hatua chache, mpaka kwenye meza ya chubwi zilizokwisha poa. Akachukua moja, akaipima kiganjani.

"Sisi hii tuliita plombo," akasema. "Inakwenda wapi?"

"Chini ya bahari."

"Na hairudi?"

"Ikirudi, inarudi na nguru."

Mabega yakamtikisika kidogo, sikujua kama ni kicheko mpaka nilipomwona meno. Akairudisha mezani na wenzake, akatazama kiganja chake, akauliza pa kunawa. Nikamwonesha bomba na sabuni. Alinawa polepole, mpaka vifundoni. Zuwena alikuwa ameshatokea kwenye mlango wa uani na sinia la kahawa, akafika kizingitini akakumbuka sheria zake mwenyewe, akasimama hapo hajui aende mbele au arudi nyuma. Ikabidi mimi niseme.

"Hapa uani hapanywewi kitu, shekhe. Samahani."

Mzee Hamoud akafuta mikono kwa leso yake. Akautazama mlango, akamtazama Zuwena na sinia, akaegemeza bakora ukutani, na akavua viatu.

"Basi tuingie ndani," akasema. "Na mwambieni mkwe wangu aje anisalimie."

Mimi nilibaki nje, nina viatu vya kazi bado. Nikaenda dirishani kwa Salma. Nikagonga kioo, nikamwashiria kwa mkono aende sebuleni.